Mapigo Manane ya Kimya

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, umeme ulikatika katika ukumbi ambamo bendi ilikuwa ikifanya mazoezi, ukarudi kabla hatujapata nafasi ya kuulaani. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mteja redio yake ifikapo saa nane na nusu, na kila wimbo ulipoisha nilitazama saa ya mkononi. Siku ile redio ya mtu haikutengenezwa.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya baa, kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani, hapa Kisumu. Ulikuwa na paa la mabati na jukwaa la mbao lililolia kila mtu alipohamisha mguu. Siku za wiki mwenye ukumbi aliweka humo kreti tupu za bia. Jumapili alasiri aliziondoa, na vijana wakaja kucheza. Bendi ilikuwa ya watu wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga ngoma. Mimi sikuwa mwanamuziki. Nilikuwa fundi wa redio mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, na elimu yangu ya umeme niliipata katika vitabu vilivyouzwa kwa kilo pamoja na magazeti ya kufungia nyama. Kazi yangu pale ilikuwa kuziweka hai amplifaya mbili za zamani, zile zenye valvu za kioo, ambazo ziliwaka taratibu kama jiko la makaa na kupoa taratibu vilevile.

Umeme ulipokatika, mwimbaji alikuwa amefika mwisho wa ubeti wa tatu wa wimbo mpya, wimbo wa polepole. Gitaa lilikufa, besi ikafa, kipaza sauti kikafa. Mpiga ngoma, ambaye chombo chake hakihitaji umeme wa mtu yeyote, naye alinyamaza kwa mshangao, fimbo zikiwa hewani. Kisha umeme ukarudi. Valvu zilikuwa bado na joto, kwa hiyo sauti ilirudi papo hapo. Mpiga ngoma akashusha fimbo zote mbili, wengine wakamfuata, na wote wanne wakaingia kwa pamoja kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwao. Vumbi lilianguka kutoka kwenye mabati.

Tulicheka wote isipokuwa mwimbaji.

“Turudie,” alisema. “Hivyo hivyo.”

“Hivyo hivyo aje?” mpiga besi akauliza. “Niende kwa watu wa stima niwaambie wakate tena?”

“Nyamazeni tu. Halafu mnaingia pamoja.”

Tulijaribu mapigo manne ya kimya. Yalikuwa mafupi, kama mtu aliyekohoa. Tukajaribu kumi na sita. Mpiga besi akasema hapo mtu anaweza kwenda chooni na kurudi. Manane yalitosha. Mpiga ngoma aliyahesabu kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, mahali ambapo wenzake tu wangeweza kuona.

Lazima nieleze ulikuwa wimbo wa aina gani, na kwa nini mwimbaji hakucheka.

Miaka ile ya themanini, Kisumu nzima ilicheza benga na rumba. Mwimbaji wetu, aliyelelewa katika kwaya ya kanisa na mwenye sauti nyembamba iliyopanda bila kukwaruza, alipenda kitu kingine. Katika mafungu ya mitumba ya Kibuye alikuwa ameokota gazeti la muziki la Ulaya, ndani yake picha za wanaume waliojipaka wanja, wenye suruali za kung'aa na viatu vya soli nene kama matofali. Roki ya namna hiyo ilikuwa imeanza kuzeeka huko ilikotoka, lakini yeye aliipokea kama habari ya asubuhi. Tukaiita roki ya kumetameta. Alitafuta sahani zake za santuri kwa wenye maduka, akasikiliza, akagundua kwamba hata wale wenye kelele nyingi hawakukosa wimbo mmoja wa polepole, wa kuomba msamaha, unaoanza kama mnong'ono na kuishia kama nyumba inayobomoka. Akataka wa kwake.

Akanunua raizoni, vile viatu vya kisigino kirefu ambavyo wengine walikuwa wameshavitupa. Akipita sokoni wabeba mizigo walimwita: “Omera, hiyo kiatu unapanda na ngazi?” Yeye aliwapungia mkono. Kitu alichokuwa akikosa ni koti.

Mke wake aliuza omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa katika chama cha akina mama wanaopokezana pesa, na zamu yake ilipofika hakununua sufuria wala godoro. Alinunua kitambaa cha satini cha rangi ya dhahabu, akashona pazia. Nyumba zetu zilikuwa katika safu moja, chumba na jiko, madirisha yakitazama njia ya watu wote, na mengi yalizibwa kwa magunia au kanga kuukuu. Dirisha lake likawa la pekee. Alilifua pazia lile kila Jumamosi na kulianika ndani, si nje. Nilikuwa jirani yao, niliona.

Asubuhi moja, mke akiwa ameenda ufukweni kupokea omena, mwimbaji alilishusha pazia, akalipeleka kwa fundi cherehani wa Kibuye, na ilipofika jioni alikuwa na koti la dhahabu lenye mabega yaliyosimama kama mbawa. Sidhani alikusudia ubaya. Nadhani aliona kitambaa kinachong'aa kimefungiwa nyumbani, akahesabu kwamba akikivaa watakiona watu wengi zaidi. Ilikuwa hesabu ya mtu ambaye hajawahi kungoja zamu ya chama.

Mke hakupiga kelele, ingawa majirani walikuwa wamesimama milangoni tayari kwa kelele. Alifunga mtoto mgongoni, akachukua beseni lake na nguo chache, akatoka. Alipita mbele yangu nikiwa nimeketi nje na redio ya mtu mapajani.

“Shemeji,” aliniambia, “mwambie nimemwachia dirisha.”

Akaenda kwa wazazi wake, upande wa Bondo.

Wimbo ulitokana na hilo, na maneno yake yalikuwa machache:

Dirisha letu liko wazi,
mwezi unalala upande wako.
Uniambie, mama, nizime taa
ama ningoje?

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Baada ya kimya aliingia na neno moja, “Nitangoja,” akilirudia juu zaidi na juu zaidi mpaka mwisho. Wasikilizaji walisifu ule mwezi kama ushairi. Mimi nilijua ilikuwa taarifa. Pazia likiwa halipo, mwanga wa mwezi uliingia moja kwa moja na kuanguka kwenye nusu ya kitanda isiyolaliwa na mtu. Nilikuwa nimeingia mle kuazima koleo nikaona.

Jioni ya Jumanne ile, tukikunja waya, nilimuuliza kwa nini alikuwa anang'ang'ania ajali ya umeme.

“Hapo ndipo anajibu,” alisema.

“Yeye yuko Bondo.”

“Sasa kwa sababu yuko mbali, nisimwachie nafasi?”

Alikuwa ameuliza swali, akataka kuwe na mahali pa jibu. Ilinielea. Kile ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria, nasi sote tumekulia huku, ni kwamba katika muziki wa watu wa ziwani kimya kina mwenyewe tayari.

Watu wetu wana desturi ya pakruok. Muziki ukiendelea, mtu husimama, akatoa pesa, muziki ukanyamaza, naye akajisifu au kumsifu rafiki, mke, mjomba, hata ng'ombe. Akimaliza, muziki unaendelea hadi mwingine atoe pesa. Sheria ni moja: aliyelipa asikatizwe mpaka amalize. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza, mwimbaji aliposimama katika koti lake la dhahabu, akauliza “ama ningoje?” na bendi ikanyamaza, ukumbi mzima ulielewa jambo moja tu. Wamekaribishwa.

“Hapo hapo! Shikilia hapo hapo!” Alikuwa mama mmoja mnene muuza mbuta, noti mkononi, akisukuma watu kwa tumbo. “Andika mimi! Mimi ndio mama wa mbuta, samaki wangu hulala kwa barafu na bwana yangu hulala kwa baridi!”

Ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja akatupa sarafu. “Na mimi ni mtoto wa yule mzee alinunua baiskeli kabla barabara haijafika!”

“Aliendesha wapi?” sauti ikauliza kutoka nyuma.

“Ndani ya boma!”

Mpiga ngoma alikuwa amehesabu manane, akahesabu tena, akaacha kuhesabu. Mwimbaji alisimama na kipaza sauti mkononi, mdomo ukiwa wazi kidogo, akiwatazama kama mtu aliyemwandalia mgeni kiti na kuwakuta watoto wa jirani wamekirukia. Mwenye ukumbi, mzee mfupi aliyefunga mkanda juu ya kitovu, alikuwa mwepesi kuliko sote: alishaleta karai kutoka jikoni na kuliweka mbele ya jukwaa.

Baadaye alimshika mwimbaji bega. “Bwana mdogo, hiyo wimbo yako ni tamu sana. Zaidi pale mahali huimbi.”

Tangu siku hiyo ilikuwa amri: kimya kitadumu kadiri pesa inavyoingia. Mwenye ukumbi alijipatia kipaza sauti chake, kwa ajili ya kuwachochea watu. Nusu ya karai ilikuwa yake, nusu ya bendi. Mwimbaji alipinga, kisha akatazama wenzake watatu, wote wenye kodi ya nyumba, akaacha kupinga. Lakini kila wimbo ulipofika pale, alitazama mlango.

Mwaka ule ule alifanya jambo la heshima. Kwa desturi, mke akirudi kwao kwa hasira, mume haandiki barua. Anakwenda na watu. Alikwenda na mjomba wake, nami nikawa wa tatu. Alivaa viatu vya kawaida. Baba mkwe alitupokea barazani, tukanywa chai, tukazungumzia mvua. Kisha mzee akasema kwamba binti yake hakufukuzwa wala hakuibwa, kwa hiyo aulizwe mwenyewe. Akaitwa.

Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. Hakumtazama mume wake; alizungumza na mjomba.

“Baba, huyu mtu ameniuliza swali kwa wimbo, si ndio?”

“Nasikia hivyo, mama.”

“Ameniuliza mbele ya Kisumu yote. Nikimjibia hapa kwa jikoni, hao watu watajua aje?”

Baba mkwe alicheka hadi chai ikamwagika. Mjomba, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maneno mazito, alibaki akishika kofia.

“Kwa hivyo unakuja?” mwimbaji akauliza.

“Nitakuja siku nitapata pahali pa kuongea,” alisema, na sasa alimtazama. “Nasikia huko kwenu ni mnada.”

Tulirudi Kisumu bila mke, lakini mwimbaji hakukata tamaa. Alikuwa na ahadi. Akaamua kwamba kama ukumbi umeharibika, sahani haitaharibika: katika santuri hakuna mtu wa kurusha noti. Bendi ikaweka akiba, tukaenda kurekodi katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, nyuma ya duka la kuuza redio na sahani.

Fundi wa mitambo pale aliusikiliza wimbo mara moja, akatikisa kichwa. “Hicho kimya tutakikata. Mtu akisikia sahani imenyamaza, atafikiria sindano imekwama.”

“Ukikikata hakuna wimbo,” mwimbaji alijibu.

Kulikuwa na shida nyingine, na hii ilinihusu mimi. Amplifaya zetu zilikuwa na mvumo, ule mnguno wa chini unaoingia kutoka kwenye umeme. Muziki ukipigwa hausikiki. Katika kimya ulisikika kama lori limesimama nje. Nilijaribu kubadilisha waya, nikajaribu kuzigeuza amplifaya zisitazamane. Mwishowe nilitoka nje, nikapigilia nondo ndefu ardhini penye majimaji karibu na bomba, nikamwagia chumvi na maji, nikaunganisha waya kutoka kwenye nondo hadi kwenye vyuma vya amplifaya. Mvumo ukazama ardhini. Naweza kusema bila kujivuna kwamba kimya cha santuri ile ni kisafi. Ukisikiliza vizuri, katika pigo la sita yuko jogoo wa jirani, mbali. Hatukuwa na pesa za kurudia.

Huyo jogoo alikuja kuwa maarufu. Bendi nyingine zilizouiga wimbo zilitia jogoo, zikidhani ndio mtindo. Moja ilitumia mtu wa kuiga jogoo, na alifanya kazi nzuri.

Santuri ilitoka, ikapelekwa redioni, ikapigwa. Tulikaa kibandani kwangu, bendi nzima, kuusikiliza wimbo mara ya kwanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. “Nizime taa ama ningoje?” Kimya. Na ndani ya kimya, sauti laini ya mtangazaji wa kipindi cha salamu: wimbo huu uwafikie fulani na fulani, wakwe zao, na wote wanaowafahamu, wakiwa mashambani. Alimaliza pale pale gitaa lilipoingia. Alikuwa hodari wa kupima.

Mpiga besi aliinama akacheka mpaka akatoa machozi. Mwimbaji alizima redio.

“Hata huko,” alisema.

Hata huko. Kila mtangazaji aliona nafasi ile kama zawadi aliyoachiwa yeye. Wimbo ukapendwa. Ulipigwa kwenye harusi, kwenye harambee za shule, kwenye matanga. Ulinakiliwa kwenye kanda zilizouzwa Kibuye zikiwa zimepangwa juu ya magunia. Watoto wa mtaa wa Obunga waliuimba wakisukuma mikokoteni ya maji, wakinyamaza pale panapostahili na kutupiana visoda kama pesa. Na popote ulipopigwa, pale mahali pa jibu la mwanamke mmoja palijaa watu wengine. Mwimbaji alinenepa kidogo, akatambulika mjini, akalipwa vizuri kuliko zamani, na dirisha lake likabaki bila kitu. Angeweza kununua pazia jingine. Sikuwahi kumuuliza kwa nini hakununua.

Miaka ya tisini ilipoanza, ukumbi ulikuwa umepakwa rangi mpya na koti lilikuwa limefifia kwapani. Jumapili moja, jua likiwa limeshuka kiasi cha kuingia kwa mlango, nilikuwa nyuma ya mitambo yangu pembeni mwa jukwaa. Bendi ilianza ule wimbo. Katika ubeti wa pili niliona mwanamke mlangoni, beseni limefunikwa kichwani, mkononi mtoto wa kike. Mtoto aliyeondoka mgongoni alikuwa amerudi akitembea.

Mwimbaji hakuwaona, jua lilikuwa machoni mwake. Aliimba hadi mwisho wa ubeti wa tatu, akauliza swali lake, akatazama mlango kama desturi yake, na safari hii akasahau kushusha kipaza sauti. Bendi ikanyamaza.

Mikono ya watu ilikuwa tayari mifukoni. Mwanamke alipita katikati yao bila haraka, kama anayepita kati ya mafungu ya samaki, akamwachia mtoto beseni ashike, akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya shilingi ishirini na kuiweka kwenye karai.

“Eeh! Mama amelipa!” mwenye ukumbi alipaza. “Sema, mama! Unasifu nani?”

“Sisifu mtu,” alisema. Hakuwa na kipaza sauti lakini tulimsikia. “Hii nafasi nimenunua. Nataka mtu yeyote asiongee.”

Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikapungua, kwa sababu hakuwa akicheka. Mtu mmoja mwenye lori la kusomba miwa, aliyezoea kuwa wa kwanza, alisimama karibu na ukuta akipunga noti ya mia.

“Mzee, mimi naongeza mia! Nataka kusifu lori yangu!”

“Kasifie nyumbani,” mwanamke alijibu bila kugeuka. “Hapa nimelipa.”

Macho yote yakaenda kwa mwenye ukumbi. Alijua sheria kama sisi sote: aliyelipa hakatizwi mpaka amalize. Lakini pia aliiona ile mia, na mia haikuwa kitu cha kila Jumapili. Niliona mkono wake ukienda kwenye kipaza sauti chake. Niliona akivuta pumzi. Nikashusha kitufe cha kipaza sauti kile hadi chini. Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu. Alikigonga mara mbili kwa kidole, akanitazama. Nikatazama valvu zangu.

Basi kikawa kimya. Si kimya cha santuri, maana watu zaidi ya mia wakinyamaza bado unawasikia: viatu, mtu akimeza mate, mabati yakipoa, huko mbali magari barabarani. Mpiga ngoma hakuhesabu. Mwanamke alisimama chini ya jukwaa, akimtazama mume wake kuanzia raizoni hadi mabega ya dhahabu, polepole, kama mtu anayekagua kitu chake alichokuwa amekiazimisha. Alitumia muda wote aliolipia, na zaidi. Kisha akamtikisia kichwa mpiga ngoma, kama kusema: Nimemaliza.

Bendi iliingia. Mwimbaji hakuingia nayo. Walipiga ile sehemu ya “nitangoja” bila sauti ya mtu, magitaa peke yake, hadi mwisho, na watu walipiga makofi wasijue wanampigia nani.

“Vua,” mke alisema.

Alivua koti mbele ya watu wote, akabaki na fulana. Mke alilipokea, akaligeuza, akapima mgongo wake kwa shubiri, akalikunja na kuliweka ndani ya beseni.

“Ya chumbani ilikwisha,” alisema. “Lakini hii bado inatosha dirisha ya jikoni.”

“Na ya chumbani?” akauliza mwimbaji, kwa sauti ndogo sana.

“Ya chumbani utanunua wewe. Shika mtoto.”

Akamshika mtoto, ambaye alimtazama kwa mashaka makubwa, wakatoka kwa mlango wa mbele, yeye na fulana yake na raizoni zake, mke akitangulia na beseni. Yule mama wa mbuta, aliyekuwapo kila Jumapili, ndiye aliyeanza vigelegele. Bendi ilimaliza alasiri kwa rumba isiyo na mwimbaji.

Pazia la jikoni lilikuwapo miaka mingi. Nililiona likiwa na mishono ya ajabu pale mabega yalipofumuliwa. Mwimbaji aliendelea kuimba, katika shati jeupe, na alipofika pale alifumba macho badala ya kutazama mlango. Wimbo nao ulijifunza kitu siku ile. Katikati ya miaka ya tisini, matanga yalipokuwa mengi kando ya ziwa, niliitwa mara nyingi kufunga spika katika maboma ya wafiwa, na nilianza kuona jambo ambalo halikuwapo zamani. Kanda ikifika pale, mjane au mama wa marehemu alitoka, akaweka pesa kwenye karai, kiasi chochote, akasema tu: “Nimenunua.” Mwenye mashine alisimamisha kanda. Watu walinyamaza naye, hata walevi, mpaka yeye mwenyewe atikise kichwa. Sikuwahi kusikia mtu akiongeza bei juu yake. Wengi wa hao hawakujua habari ya pazia, na haikuhitajika wajue.

Mwenye ukumbi aliuza ukumbi na sasa ana duka la magodoro Kibuye. Hajasahau. Kila tukikutana ananishika shati mbele ya wateja na kuwaambia kwamba fundi huyu alimfungia kinywa Jumapili moja, na kwamba alipoteza shilingi mia moja, noti nzima, mpya. Huwa namwacha amalize, kisha namsahihisha. Nusu ya karai ilikuwa ya bendi, kwa makubaliano yake mwenyewe. Hasara yake ilikuwa shilingi hamsini.